Kadi Isiyo na Majina

Kilichosikika kwanza ni mkanda wa gundi: ulivutwa ukalia, ukakatwa, ukavutwa tena. Kaka mtu aliusikia tangu ngazi za chini. Alipousukuma mlango, alimkuta dada yake amepiga magoti juu ya sanduku la karatasi, mkasi kaubana kwa meno, sebule tupu kama darasa la likizo.

"Afadhali umeshafungasha," alisema. "Gari liko chini. Chumba chako tumekipaka rangi, na Mama anakungoja."

Dada mtu akautoa mkasi mdomoni. "Siendi nyumbani, kaka. Lori letu linafika saa nne."

"Letu," kaka alirudia, kama aliyetafuna mchanga.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu mume wake ahamie kwa mwanamke mwingine, akiaga kwa mistari miwili ya simu. Wiki iliyopita mahakama iligonga muhuri wa talaka. Ndugu wakakutana bila yeye, wakaafikiana kwamba arudi kwao, apumzike, ajipange. Lakini yeye alikuwa ameshajipanga. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha uchapaji kwenye mji wa mbali, na huko amepanga vyumba viwili vya chini, kwa sababu mtu anayekwenda naye hawezi ngazi.

Mtu huyo ndiye aliyempandisha kaka hasira.

"Ana miaka sabini na mmoja," alisema kwa sauti ya chini, jicho kwenye mlango wa chumbani uliofungwa. "Wewe una thelathini na minne. Ana sukari, ana magoti mabovu, usiku anaamka mara tatu. Huo ndio mzigo unaoutaka?"

"Huo huo."

"Damu yake na yako ni mbali kabisa. Watu wanakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

"Amekupa nini, hebu niambie?"

Aliendelea kufunga sanduku. Alijibu bila kuinua kichwa. "Siku niliyoachwa, nyinyi mlinipigia simu. Yeye alikuja akakaa na mimi sakafuni jikoni, na magoti yale. Ilibidi mimi niliyekuwa nalia ndiye nimnyanyue."

Kaka akaokota kadi iliyokuwa juu ya sanduku la vyombo. Ilikuwa ya karatasi nzito rangi ya maziwa, maua pembeni, maandishi ya dhahabu katikati: wewe uendako nitakwenda. Nafasi ya majina mawili ilikuwa wazi.

"Hii aya ilisomwa kanisani siku ya harusi yako," alisema. "Ikakusaidia nini?"

"Siku ile ilisomewa mtu asiyehusika."

Aya hiyo dada mtu alikuwa ameichapa mara nyingi kuliko alivyowahi kuandika jina lake. Miaka sita alikaa kwenye meza ya kusahihisha kadi za harusi katika kiwanda cha hapa mjini, na maharusi walikuwa wakiigombania kama siti ya dirishani. Biblia ilikaa katika mkono wake wa kushoto, penseli kulia, asiponyokwe na herufi. Siku zote aliangalia mstari ule mmoja, akafunika kitabu.

Mwezi wa pili wa kuachwa kwake, macho mekundu, jicho lilimteleza likapanda juu ya mstari. Akasoma. Akarudi mwanzo wa kile kitabu kidogo ndani ya Biblia, kurasa nne tu, unazimaliza chai haijapoa. Hayakuwa maneno ya mtu mwenye raha. Yalisemwa barabarani, katikati ya msiba, na mwanamke ambaye njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi nyuma yake, naye akaipa kisogo.

Alipomaliza alikuwa amesimama. Mwendesha mashine, waliyemwita Wino, alimwuliza kama ameumwa na nyuki.

"Tumewadanganya maharusi miaka yote hii," alimjibu. Kisha akamwomba amtolee nakala moja, bila majina. Tangu siku hiyo hakulia tena kazini.

Honi ya lori ililia chini.

Kaka akairudisha kadi juu ya sanduku. "Nasema mara moja. Ukishuka na huyo, gari langu halitarudi tena kukufuata. Na siku akifa huko ugenini, utabaki na nani?"

"Nitabaki na mimi mwenyewe. Na mimi si mtu mdogo, kaka."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Ilitangulia fimbo, kisha mzee mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote tangu alfajiri, mfuko wa dawa umekumbatiwa kifuani. Ilionekana wazi kuwa amesikia kila neno. Dada mtu alichukua kadi, akamwendea, akapiga magoti na kuanza kumfunga kamba za viatu.

"Mwache kaka yako akuchukue, binti," mzee alisema. "Kwenu wamekupakia rangi chumba. Mimi sina cha kukupa. Mwana nilikuwa naye mmoja tu, nikakupa, akakuacha. Mwingine sina."

Dada mtu alikaza fundo la pili, akasimama, akamtia kadi mkononi.

"Maneno haya aliambiwa mama mkwe, si bwana harusi. Karatasi ya mahakama imemtaja mwanao, mama. Wewe haikukutaja. Unapokwenda nakwenda, na siku wakikuzika, nitawaambia waniachie nafasi pembeni yako."