Kopo la Mizizi

Chuma cha mazoezi kilikuwa juu ya kifua cha Baunsa, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Mkewe alisimama nyuma ya kichwa chake, viganja tayari kukidaka chuma, macho kwenye mshipa uliomvimba shingoni.

"Unaona kazi ya mizizi?" Baunsa alihema. "Uzito huu sijawahi kuuinua! Ati wataalamu wanasema hakuna ushahidi. Ushahidi si kifua hiki?"

Mkewe alisogeza viganja karibu na chuma. Unga wa mizizi anaoulamba mumewe ulimwagikia wote kwenye ndoo ya kufulia mwezi uliopita. Alilijaza kopo unga wa dengu, akatia mdalasini kidogo, akanyamaza. Tangu hapo mumewe ndiyo kwanza anatanuka.

Mwache aamini, alijiambia. Dengu haijawahi kuua mtu.

Mlango ukasukumwa. Mama yake Baunsa akaingia amekumbatia kopo, kijiko kikiwa bado na unga.

"Kumbe dawa ni hii, mkwe wangu! Nailamba kila asubuhi, mwili mwepesi kama wa msichana. Vile vidonge vya presha nimeshavitupa chooni."

Baunsa alicheka. Chuma kikayumba.

Mkewe alikikamata kwa mikono miwili. "Mume wangu, kiweke chini kwanza. Kiweke chini nikuambie."