Raba Mbili za Mzee Omary

Kidole gumba cha Nasri kilizama kwenye soli kana kwamba amebonyeza parachichi lililozidi kuiva. Alipokitoa, kilitoka na makombo ya njano. Akajaribu kiatu cha pili. Nacho hivyo hivyo.

Miaka kumi na miwili hakuzivaa raba zile hata siku moja. Alizijaza magazeti zisipoteze umbo, akazifunga nailoni, akaziweka kabatini mbali na jua, na kila mwezi alibadilisha vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mkewe Hafidha alishasema kwamba yeye angezaliwa raba angetunzwa vizuri zaidi. Na leo, asubuhi ya arobaini ya baba mkwe, ndipo zimeamua kufa.

Marehemu Mzee Omary alikuwa na kibanda cha viatu Ngarenaro. Siku Nasri alipomwoa Hafidha, mzee alitoa pea mbili za raba: aina moja, rangi moja, namba moja. Moja akampa Nasri, nyingine akampa mwanawe Khalfani, kaka yake Hafidha. Akawaambia wazitunze, wasizivae. Mzee yule alipenda mafumbo kuliko chai. Alipokuwa mahututi aliwaita wote wawili, akasema kibanda kitakuwa cha nani, raba zenyewe zitasema, si zina ulimi? Mengine akamnong'oneza mkewe, Bi Tunu.

Kila mtu alielewa: aliyetunza vizuri ndiye atakayepewa.

Nasri alikuwa amekitumikia kibanda miaka yote hiyo. Mzee hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "wa Kondoa", akamkabidhi ufagio. Khalfani hakuwahi kuuza hata kamba ya kiatu, lakini alishatangaza kwamba siku atakayoshika ufunguo, shemeji atarudi kwao Kondoa na ufagio wake begani.

Saa nne walikutana nyumbani kwa Bi Tunu. Khalfani alitoka Ngaramtoni na boksi lake kwapani, unyoya umeganda kwenye mfuniko. Wala hakuficha. Alisema boksi limekaa juu ya banda la kuku, chini ya bati la moto, hajawahi hata kulifungua.

"Shemeji, hizo zako umezileta na daktari wao?" akauliza. "Au bado zinanyonya?"

Nasri akamjibu kwamba anayelea viatu pamoja na kuku akafungue kibanda cha mayai. Watu wakacheka, isipokuwa wao wawili.

Bi Tunu akawakatiza. Mkeka wa dua umeshatandikwa, akasema, na kiatu ni kiatu hata kikiwa kwenye boksi. Vibaki barazani. Wakaviacha.

Watu walipokuwa wanaketi, Nasri aliaga kwamba anakwenda kutawadha. Barazani hapakuwa na mtu. Alifungua boksi la Khalfani, akabonyeza soli. Ilikuwa ngumu kama imetoka dukani leo. Hasira ikampanda: mtu azilaze na kuku, halafu zimpende yeye? Akazihamishia kwenye boksi lake, zake akazitia kwenye lile la unyoya. Zile za Khalfani zilikuwa nzito kidogo, na zilinuka gundi. Hakujali. Akazifuta vumbi kwa leso, akarudi ndani na miguu mikavu, akainua mikono kuomba dua pamoja na wenzake.

Baada ya pilau akaja Gadiel, fundi wa kusafisha na kukarabati raba pale mjini. Bi Tunu ndiye aliyemwita, kwa kuwa hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani. Gadiel akaamkia shikamoo, akaketi kwenye benchi, akafungua boksi la Nasri kwanza. Akaikunja soli. Haikupasuka. Akafungua la Khalfani. Soli ikambakia mkononi vipande vipande.

Nasri hakuweza kujizuia. "Kuku wako wameidonoa, shemeji. Sasa chukua ufagio ufagie makombo."

Khalfani aliinuka na ngumi, watu wakamshika. Akamwita mchawi. Akamwambia amelala kwenye mgongo wa familia yao miaka kumi na miwili, ameshiba, sasa anataka na ufunguo. Nasri akasema raba zimeshasema, yeye afanyeje, akamnyooshea Bi Tunu mkono apewe ufunguo.

Gadiel akakohoa. Akaomba wasiharakishe kwanza. Raba halisi za toleo lile, akaeleza, soli yake ina povu ndani. Uzivae usizivae, uzifiche wapi sijui, zikipita miaka kumi zinapukutika. Yeye ameshazipokea nyingi na hajaona hata pea moja iliyopona.

"Hizi ngumu ni feki, mama," akasema. "Mpira mtupu. Zilizokufa ndizo za kweli."

Bi Tunu alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa ufunguo wa kibanda. Akamtazama Nasri kwa muda mrefu.

"Marehemu aliniambia halisi ni pea moja tu," akasema taratibu. "Akaniambia hiyo kampa Nasri, kwa kuwa ndiye mwanawe aliyemfundisha kazi kwa mikono yake, na kibanda kiifuate."

Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Khalfani, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Uzee huu. Kumbe nilisikia vibaya."