Mlango wa Orofa ya Tatu

Ilibaki risasi moja, na nyuma ya yule mama kwenye skrini vishindo vilikuwa vinakaribia. Alikuwa anamtafuta mwanawe ndani ya hospitali iliyohamwa.

Pedi ya gemu iliniteleza kwa jasho. Kitufe cha kufungulia milango bado kilikuwa na plasta aliyoibandika marehemu kaka yangu, enzi tulipocheza gemu hili ambalo hakuna mwingine mtaani aliyelitaka. Yeye anafungua, mimi nafumba macho. Hatukuwahi kuvuka orofa ya kwanza.

Leo nilipoliwasha, lilinianzishia orofa ya tatu. Nani alifika huku?

Vishindo vikaongeza kasi. Nikaukimbilia mlango mwekundu.

“Usiufungue huo! Yumo mwenye shoka,” mama yangu mzazi alisema nyuma yangu. “Ingia kabatini, zima tochi.”

Nikaingia, nikazima. Kitu kikapita kikikwaruza ukuta, kikaenda zake.

Niligeuka. Mama huyu huyu, aliyekuwa akituita mashetani wawili kila tukiliwasha, alikuwa amesimama na beseni la nguo kiunoni, macho hayabanduki kwenye skrini.

“Mama, umejuaje?”

Aliketi, akachukua pedi, akapita korido zote za giza bila kukosea kona, mpaka kwenye mlango mdogo. Ndani mtoto alikuwa analia.

Kidole gumba chake kikasita juu ya ile plasta.

“Huwa naishia hapa,” alisema, akanirudishia pedi. “Fungua wewe, mwanangu. Mimi nafumba macho.”