Ubeti wa Tatu

Watu wawili walidai mirabaha ya wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa redioni kila siku, hivyo ofisi ya hakimiliki ikaamua kila mmoja aje auimbe. Wa kwanza, mwanamuziki wa bendi, aliuimba vizuri, kwa gitaa, kama unavyosikika harusini. Kisha akaitwa jirani yake wa zamani, Zuwena, aliyezoea kutunga nyimbo peke yake nyumbani.

"Ulimtungia nani?" akauliza Bwana Kheri, karani.

"Mwanangu. Sijauimba tangu tumzike."

Alianza kwa gitaa, lakini vidole vikagoma. Basi akalilaza gitaa mikononi, shingo ya gitaa ikaegemea begani pake, akaimba taratibu mno huku akiyumba. Ubeti wa tatu haukuwahi kusikika redioni. Ulikuwa na jina la mtoto. Mtu wa bendi akainamisha kichwa, akatoka.

"Inatosha, mama," alisema Bwana Kheri. "Wimbo ni wako. Njoo utie saini."

Zuwena akaweka kidole mdomoni.

"Sauti chini, baba. Ndiyo kwanza anasinzia."

Bwana Kheri, aliyekwisha kuinua mhuri, akaushusha mezani polepole, usije ukalia.