Ukurasa wa Zaina

Bi Sikudhani alipanga punje za mahindi mezani zikawa herufi u. “Chongoa mdomo kama unapoza uji,” akamwambia mjukuu wake.

“Uuu,” akasema Kibibi, akacheka. “Na mama aseme.”

Zaina, mama yake, alikuwa akichambua mchele. “Mimi nilishasoma zamani. Muulize bibi.”

Bi Sikudhani aliamini hivyo. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma mwaka jana tu, kwenye darasa la jioni la watu wazima. Lakini Zaina alipokuwa mdogo alimsomea mama yake huyo ukurasa mzima bila kukwama, na tangu hapo Bi Sikudhani akawa akimshukuru Mungu kila siku.

Bi Sikudhani akamsogezea Zaina kitabu. “Basi msomee mwanao mstari huu.”

Zaina alikifunga.

“Nilikuwa nakariri, mama. Nilishika yale waliyosoma wenzangu darasani. Ulivyokuwa ukifurahi, niliogopa kukuambia.”

“Nisamehe, mwanangu,” akasema Bi Sikudhani, akavuta kiti cha tatu.

Zaina akajipangusa mikono, akakaa. Kibibi akamshika mama yake kidevu, akakivuta chini taratibu. “Tuanze na a,” akasema.