Utepe wa Rangi Tatu

Nesi alizungusha utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa Sudi, akausoma mara mbili. "Njano, mama Sudi. Unga wa lishe ni wa mtoto aliyekonda mpaka nyekundu."

"Wiki iliyopita alikuwa nyekundu, mkasema unga haujafika. Nikawa nampa na chakula changu."

"Najua, dada yangu. Lakini utepe ndio unaoamua."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya mama Sudi kwenye foleni akaguna. "Shoga, nani humshibisha mtoto kabla ya kupimwa?"

Nyumbani, mama Sudi alikoroga uji kwa unga wake wa mwisho. Sudi akanyoosha mikono yote miwili. Mama akaushika mmoja kwa vidole viwili, akaupima, huku uji ukipoa kwenye bakuli.