Kipimo Kisichojua Kukataa

Kima alijitolea kuwaandikia wanyama programu ya kupiga kengele mto ukifurika. Kabla hajaandika hata mstari, alisakinisha kipimo cha kuijaribu, akakiwasha. Taa ya kijani ikawaka: yote yamefaulu.

"Umeona, bibie?"

Nungunungu hakuona kitu. Wanawe walilala shimoni, ukingoni kabisa, na masika yalikuwa yananukia. "Kimefaulu nini, shemeji, na hujaandika neno?"

"Wasiwasi huo utakupukutisha miiba."

Nungunungu akamsukuma kando, akaandika mwenyewe: mto ukifurika, kengele inyamaze. Kima akapima huku akicheka. Kijani.

Kicheko kikamkauka.

"Hiki si kipimo, ni mnafiki," Nungunungu akasema. "Kifundishe kukataa kwanza, ndipo nitakiamini kikikubali."

Kisha akaenda kuwahamisha wanawe.